Taa ya Bibi Hana Dirishani

Jioni ile naikumbuka, mwanangu, mpaka harufu yake: mafuta ya kukaangia viazi, baridi ya Desemba inagonga vioo, na bibi mmoja wa Kiyahudi ananiuliza taa yake nimeipeleka wapi. Sogea karibu nikusimulie. Ninyi watoto wa Louisville mnapenda hadithi fupi, lakini hii usinikatize, maana mwaka ukikaribia kuisha moyo wangu huruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi, na sababu yake ni taa hiyo.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, nikijiona mtu mzima aliyemaliza kujifunza. Kumbe kijana tu! Tulikuwa tumefika Marekani si zamani sana, mimi na binti yangu Mapendo, kutoka milima ya Kivu ya Kusini, tukapitia kambi ya wakimbizi, tukapanga nyumba ndogo ya chini kwenye ghorofa, mtaa wa Beechmont hapa Louisville. Mapendo alikuwa darasa la tano. Mimi nilifanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao, kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa kwa saa yake. Ndivyo nilivyofika kwa Bibi Hana.

Bibi Hana alikuwa mjane aliyeshapita miaka themanini, mdogo wa umbo, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Binti yake wa pekee, Dina, aliishi Buffalo na mume na watoto. Lakini usidhani bibi huyu alikuwa mpweke. Watu wa sinagogi lake walikuwa na zamu ya kuja kumwona, na zamu hiyo haikuvunjwa hata kwa mvua. Huyu kaleta supu, yule kaleta mkate uliosukwa kama nywele, mwingine kaja kugombana naye tu kuhusu siasa, na Bibi akafurahi kuliko aliyeletewa supu. Mimi nilikuwa nikitazama na kujiambia, hawa ni kama sisi kabisa. Hawamwachi mtu wao.

Sasa shikilia jambo hili, maana ndilo lenyewe. Desemba ile mwalimu wa Mapendo alisema kwamba kabla ya kufunga shule kwa Krismasi, kila mtoto atasimama mbele ya darasa aeleze watu wake ni akina nani, wametoka wapi, na wanafanya nini mwisho wa mwaka. Mapendo akanijia jikoni.

"Mama, niseme sisi ni nani?"

"Sema sisi ni Waafrika. Inatosha."

"Waafrika gani?" aliniuliza kwa Kiingereza. Siku hizo nilikuwa nikimsemesha kwa Kiswahili naye ananijibu kwa Kiingereza, kama watu wawili wanaoongea kila mmoja yuko upande wake wa mto.

"Waafrika, basi."

Akanyanyua mabega. "Basi nitasema sisi hatuna kitu."

Na mimi, mwanangu, nikaona afadhali iwe hivyo. Usinihukumu haraka. Nilikotoka, swali la kabila liliulizwa barabarani kwenye kizuizi, na muulizaji alikuwa na bunduki. Mama yangu alinifundisha kulikwepa swali hilo kabla hajanifundisha kusuka mkeka. Kwa hiyo hata hapa Marekani nilishusha mapazia kabla jua halijazama, na tulipokutana familia chache kumshukuru Mungu kwa kumaliza mwaka, tuliimba kwa sauti ya chini, kama wezi wa nyimbo zetu wenyewe. Binti yangu sikumwambia chochote. Hakulijua hata jina la watu wake.

Basi ikafika sikukuu ya Bibi Hana inayoitwa Hanuka, ambayo wanaosoma Maandiko wanaijua kama Sikukuu ya Kutabaruku. Huchukua siku nane. Alikuwa na kinara cha shaba chenye nafasi nane za mishumaa, na ya tisa ya mshumaa mtumishi, ule unaowasha wenzake. Jioni ya kwanza huwashwa mmoja, ya pili miwili, hivyo hivyo mpaka yote inawaka. Jioni ile ya kwanza alikiweka kinara dirishani kuelekea barabarani, akawasha, akaimba kwa sauti yake iliyokwaruzika. Kisha akaenda chumbani kuongea na Dina kwa simu, nami nikaingia jikoni kuosha sufuria.

Niliporudi nikakuta mapazia yamefunguliwa, nje giza, watu wanapita, na moto unawaka kwenye kioo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miguu ilitangulia, akili ikafuata baadaye. Nikakinyakua kinara na moto wake, nikakipeleka mezani jikoni, nikarudi mbio kufunga pazia. Nilikuwa nahema.

Bibi Hana akatoka na kigari chake cha kutembelea. Akalitazama dirisha, akanitazama mimi.

"Taa yangu iko wapi?"

"Iko jikoni, Bibi. Pale dirishani watu wataiona."

"Watu wataiona," akarudia polepole. "Na wewe unadhani niliiweka pale kwa nini?"

 Akaketi, akaniuliza bila ukali, "Unamwogopa nani, binti yangu?"

Sijui ni kwa sababu aliniita binti, au ni uchovu wa miaka. Nikamwambia. Nikamwambia jinsi kule milimani, vita vilipopamba moto, taa moja ikionekana kutoka mlima wa pili ilitosha kuwaleta watu wa kuchoma nyumba. Jinsi mama alivyofunika makaa kwa majivu, akatukataza kukohoa. Nilikuwa sijamweleza mtu yeyote Marekani maneno hayo.

 Bibi Hana akasema kwamba nchini alikozaliwa, huko Ulaya, mama yake naye aliwasha Hanuka mezani, blanketi limepigiliwa misumari dirishani. Sheria yao yenyewe inaruhusu: siku ya hatari, iweke mezani, yatosha.

"Mama yako alikuwa na akili, na wangu pia," alisema. "Siku ya hatari kuficha ni busara. Lakini ukizidi kuficha mahali ambapo ungeweza kuwasha, unamfanyia adui kazi yake, tena bure bila mshahara."

"Bibi, na hapa hakuna hatari?"

"Mimi si mtoto, magazeti nayasoma. Mlango wangu nimeufunga kwa kufuli mbili. Dirisha langu silifungi."

Mwanangu, yale maneno yalinipiga mahali. Kwa aibu nikasimama nirudi kwenye sufuria zangu. Akanikamata mkono.

"Unakwenda wapi? Keti. Taa za Hanuka zikiwaka, wanawake wa kwetu hatufanyi kazi. Nyanya yangu hakushika hata sindano."

"Bibi, mimi nalipwa kwa saa!"

"Basi leo unalipwa kwa kukaa."

Tukacheka mpaka akakohoa. Nikakirudisha kinara, akawasha upya dirishani kwa baraka ile ile, maana alisema taa hiyo huwashwa pale itakapokaa. Tukaketi wawili mikono mapajani. Sikuwa nimewahi kukaa hivyo tangu nishuke kwenye ndege! Ndipo akaniambia kukaa huko kuna kazi gani: watoto wanasimuliwa yaliyowapata nyanya zao, mpaka moto uzimike. Akageuka. "Na wewe, Mapendo unamsimulia nini?"

Nikatazama miguu yangu. 

Nilienda nyumbani nimeazimia kumwambia mtoto. Nikafika, nikashusha pazia, nikapika, nikafua, nikalala. Jioni ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Kila siku Bibi aliniuliza, "Umemwambia?" Nami najibu, "Bado, kesho." Anapiga ulimi. Woga una ujanja, mwanangu. Haukuambii usifanye, unakuambia kesho. Na huku siku ya darasa inakaribia.

Jioni ya nane iliangukia Jumapili. Weee! Nyumba ile ilichangamka tangu asubuhi, kwa sababu Dina na familia yake walikuwa njiani kutoka Buffalo, na wajukuu hawakuwa wamewahi kuiona taa ya nyanya yao ikiwaka kwenye dirisha lake. Miaka yote yeye ndiye alikuwa akiwafuata, na sasa magoti yalikuwa yamekataa safari. Nilitoka kanisani moja kwa moja na Mapendo, aliyekuja amenuna. Tukakuna viazi, tukakaanga vile vichapati vyao vya viazi, tukakaanga na maandazi yenye jemu ndani. Kumbe Wayahudi wana maandazi! Mimi niliyapindua kwa ufundi wa kwetu, Bibi anapiga makofi, na hata Mapendo alisahau kununa akaanza kulamba jemu.

Alasiri simu ikalia. Alikuwa Dina. Theluji ya Buffalo ilikuwa imewachelewesha, na walipofika Columbus mvua ikaanza kuganda barabarani, magari yakateleza, polisi wakaifunga njia ya kuja huku. Hoteli walizopigia simu zilikuwa zimejaa wasafiri waliokwama kama wao. Walikuwa wameegesha kwenye kituo cha mafuta na watoto.

"Basi," alisema Bibi Hana, akaweka simu. Nikaona kidevu chake kinatetemeka. Yule mama shupavu, kidevu kinamtetemeka kama cha mtoto! Sikuvumilia.

"Bibi, kaka yangu anakaa Gahanna! Ni Columbus hapo hapo!"

Nikampigia. Kaka yangu Mukiza alifanya kazi ghalani, kupanga mizigo, na Jumapili hiyo alikuwa nyumbani na mkewe Faida.

"Kaka, kuko bageni bangu barafu imebafunga mu njia. Wayahudi, batoto ba ule Bibi mwenye ninatunza. Unaweza kubapokea?"

"Bon, unauliza nini sasa? Balete! Nyumba iko kadogo, lakini mutoto hawezi kulala mu gari tuko hapa. Donc, banakula nini?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Baada ya muda si mrefu simu ya Bibi ikaita kwa picha, na ndani yake tukaiona sebule ya Mukiza, Dina na mumewe wamekaa kwenye kochi na makoti yao, watoto wanarukaruka. Faida alikuwa ameshaweka mezani nyama ya mbuzi na chai ya maziwa, kama unavyojua heshima yetu. Dina akamshukuru, akaeleza kwa adabu kwamba wao nyama hiyo hawawezi kuila, haikuchinjwa kwa sheria yao, na kwamba nyama na maziwa haviketi meza moja. Wakala ndizi, parachichi na mkate wao waliotoka nao.

Sasa jua linazama, na taa hawana! Walikuwa wametegemea ya Bibi. Bibi akapiga kelele ndani ya simu, "Viazi! Waulize kama wana viazi!" Faida akacheka: nyumba ya Mkongo ikose viazi? Akavikata nusu nusu, akavichimba katikati, akamimina mafuta, akasokota pamba kwenye paja ikawa tambi, haraka haraka kama tulivyosokota kambini. Viazi nane vikapangwa kwa mstari, na kimoja kikainuliwa juu ya kikombe kiwe mtumishi. Watoto wa Dina walikuwa wakipiga mayowe ya furaha, Mapendo naye amening'inia begani kwangu asipitwe na kitu.

"Inawekwa dirishani," Dina akasema.

Mukiza akasita. Akaisogelea simu, akashusha sauti, akaniambia kwa Kiswahili chetu cha nyumbani kama vile kuna mtu mlangoni: "Dada. Ku dirisha? Bantu bote bataona."

Nilimwona usoni. Yule ndiye niliyelala naye kwenye majani wakati wa vita, tumejificha, mimi nimemziba mdomo kwa kiganja. Nikafungua mdomo nimwambie asijali, aweke mezani, inaruhusiwa. Likatoka neno jingine.

"Kaka, ni juu ya ile njo banaiwekaka pale, bantu baone. Fungula pazia."

 Mukiza akaenda, akalivuta pazia mwenyewe, kwa mkono wake. Vigelegele vya Faida! Bibi huku anawasha, wale kule wanawasha, wanaimba pamoja Louisville na Gahanna, simu inakwama kidogo na kuendelea, mishumaa yote inawaka na viazi vyote vinawaka. Sisi ni Wakristo, mwanangu, sikukuu ile ni yao si yetu. Lakini nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja na sikuona haya.

Tukaketi. Hakuna kazi, si unajua. Ndipo Mukiza, kwa furaha, akakumbuka ile habari ya nyama na maziwa. "Dada, umesikia? Sawa vile koko wetu! Alikuwa anakatazaka nyama na maziwa pamoja, alisema ng'ombe itakauka!"

Kwetu koko ni nyanya, na Mapendo akageuka. "Koko gani? Mama, una koko?"

 Nikatafuta sufuria ya kuosha, hakuna. Nikatafuta nguo ya kukunja, hakuna. Mikono ilikuwa mapajani. Bibi Hana alinitazama, akanielekeza kwenye taa kwa kidevu.

"Nilikuwa naye," nikasema. "Aliitwa Nyiramvura. Ng'ombe wake wa kwanza aliitwa Bihogo, na alimwimbia wakati wa kukamua. Sisi ni Banyamulenge, mwanangu. Hilo ndilo jina la watu wako."

Nikaendelea. Nilimweleza mlima wetu na ukungu wake, mwisho wa mwaka tulivyoimba mpaka kuche, vijana wakiruka juu wakati wa kucheza. Mukiza akadakia kutoka Gahanna, akanisahihisha, tukabishana kuhusu rangi ya ng'ombe. Nilimweleza na ubaya pia, ule anaoweza kuubeba mtoto. Mapendo aliuliza maswali kwa Kiingereza, kisha bila kujua akaanza kuuliza kwa Kiswahili. Mshumaa wa mwisho ulipozimika alikuwa bado anauliza.

Kesho yake mchana njia ilifunguliwa, Dina na familia wakaingia Louisville, na Bibi Hana akawakumbatia wajukuu mpaka wakalalamika. Hawakuikuta taa ikiwaka. Wakaikuta nta imeganda kwenye kinara, naye akakataa kuibandua mpaka kila mjukuu aiguse.

Ijumaa niliomba ruhusa kazini, nikaenda shuleni, nikakaa nyuma kwenye kiti kidogo cha watoto.  Sikuwa nimemuuliza Mapendo atasema nini, naye hakunieleza. Zamu yake ikafika, akasimama mbele na sweta lake jekundu.

"Jina langu ni Mapendo," alisema kwa Kiingereza kilichonyooka. "Sisi ni Banyamulenge kutoka milima ya Kongo. Koko wa mama yangu aliitwa Nyiramvura, na alikuwa akiimbia ng'ombe. Mwisho wa mwaka tunaimba usiku kucha kwa sababu tuko hai."

Mwalimu akaanza kupiga makofi. Kabla darasa halijaitikia, kwenye safu ya nyuma kiti kikasukumwa. Msichana mwembamba anayeitwa Riziki akasimama. Familia yake ilikuwa imehamia mtaani kwetu kutoka Shively, upande mwingine wa mji, shule zilipofunguliwa, na tangu siku ile alikuwa akikaa nyuma ya Mapendo. Wote walijua ametoka Uganda, yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia. Akasimama, hakumtazama mwalimu, akamtazama Mapendo, akasema kwa lugha yetu ya mlimani, lugha ambayo sikuwahi kuisikia ndani ya jengo lile:

"Na sisi."

Mwanangu! Mwalimu hakuelewa, watoto hawakuelewa. Mimi nilielewa. Muhula mzima watoto wawili wa mlima mmoja wamekaa, huyu mbele huyu nyuma, kila mmoja anajiona yuko peke yake duniani, kwa sababu mama zao wawili waliwafundisha kunyamaza. Mama mmoja ni mimi. Wa pili nilimtafuta jioni ile ile, nikagonga mlango wake. Alichungulia kwanza kwa pembe ya pazia, nami nilimwelewa. Mwaka huo tulimaliza pamoja, kwaya nzima ya kanisa letu na majirani wasiojua neno hata moja, tukaimba kwa sauti zetu zote mpaka jirani wa juu akashuka. Tulidhani amekuja kulalamika, kumbe amekuja na keki.

Bibi Hana ameshatutoka, Mungu amlaze pema. Lakini nasaha niliyoipata kwake nakukabidhi wewe leo, kwa kuwa mwaka unaisha tena na nakuona unavyojibu ukiulizwa umetoka wapi. Wazee walisema mficha uchi hazai. Jihadhari, ndiyo, funga mlango wako kwa kufuli. Wala sikuambii uwe mjinga mbele ya mwenye panga. Lakini usiwe mlinzi wa gereza ambalo hakuna aliyekufunga. Jina la watu wako litamke, na mtoto wako mwambie angali mdogo, usingoje kesho ya woga. Ukitaka kumwambia, kwanza acha kazi. Weka chini sufuria, weka chini simu, kaa naye mikono mitupu mpaka amalize kuuliza. Na ukiona taa kwenye dirisha la mwenzako, ya Myahudi au ya yeyote, usipite kama hujaiona. Isalimu. Iliwekwa pale kwa ajili yako pia. Juu ya yote kumbuka kwamba ukinyamaza hujifichi peke yako. Nyuma yako kuna mtu anayesubiri usikike ili naye asimame.

Mungu wa nyanya zetu akuvushe mwaka huu salama. Akupe mkate, akupe kazi, akupe na jioni za kutofanya kazi. Akupe watoto wenye maswali mengi, nawe akupe majibu. Na siku utakayosimama kusema wewe ni nani, popote utakaposimama, asikose mtu wa kukujibu, "Na sisi." Amina.